Meza Isiyo na Inzi

Mtu huyu sikumpenda, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu tu nimekaa kumwandika. Nilimjua kwa miaka yote ya vita, ile ya kwanza iliyotutoa kwetu Fizi, kando ya ziwa, na ile ya pili iliyotufungia njia ya kurudi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumpa mkono bila kwenda kunawa baadaye. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tulimwita Mzee wa Pompe. Alikuwa na jina lake kama watu wote, lakini lilisikika kanisani tu, siku ya kuwasoma waliojitolea kufyatua matofali. Kwingine kote alikuwa Mzee wa Pompe, kwa sababu ya ile pompe ya shaba ya kupulizia dawa aliyoibeba mgongoni, yenye mkanda wa ngozi uliokuwa umegeuka mweusi kwa jasho na dawa. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizeni wengine. Mimi nitasema niliyoyaona, na mengine niliyoyanusa.

Nianze na kunusa, maana huwezi kumweleza yule bila pua. Harufu yake ilikuwa na tabaka zake. Juu kulikuwa na mafuta ya taa. Chini ya mafuta ya taa kulikuwa na kitunguu saumu, ambacho yeye hakukila kamwe. Ile ilikuwa harufu ya vidonge vya kufukizia tumbako katika madepo, yaani maghala, ya Lilongwe, alikokuwa akipata kibarua msimu wa mauzo. Na chini kabisa kulikuwa na utamu fulani, utamu wa tunda lililooza ndani ya mfuko wa plastiki, na huo ndio ulionichafua roho. Kanisani benchi la mbele lilikuwa lake peke yake. Alidhani tunamwachia nafasi kwa heshima ya umri wake, akawa anatandaza mikono juu ya benchi kwa raha zake.

Mimi ni fundi wa nguo. Shati lake lilikuja kwangu kila lilipopasuka, na lilikuwa halikawii kupasuka, kwa sababu kitambaa chenyewe kilikuwa kimekufa mgongoni, pale pompe ilipovujia. Ukipitisha sindano, uzi unashika lakini nguo inaachia. Nililishika shati lile kwa kipande cha gazeti, na siku moja akaniona.

"Binti, unaogopa nini? Iko propre, iko safi," akasema. "Iko propre kuliko ya kwako. Hata chawa haiwezi kuingia mule."

"Njo ile inanitisha, Mzee," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi chake nacho kilikuwa kibaya, kikavu, kama mtu anayefagia changarawe, na kikiisha hutema mate kando ya cherehani yangu na kuyafunika kwa kidole cha mguu. Nilikuwa nasubiri aondoke ndipo nimwage majivu pale.

Kwake yeye dunia ilikuwa orodha ya wadudu, na kila mdudu alikuwa na kiwanda chake na dawa yake. Akianza kuzungumza habari hizo, sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayetaja vyeo alivyopitia. Alianza na pamba, katika bonde la Ruzizi, akitembea kati ya mistari tangu umande haujakauka, dawa ikimtiririka mgongoni hadi kwenye makalio, huku msimamizi akiwa amekaa upande unakotoka upepo. Kutoka kwenye pamba alikwenda Bukavu kwenye depo la ngozi, ambako walizinyunyizia ngozi mbichi unga mweupe ili wadudu wasizitoboe kabla hazijasafirishwa. Huko kucha zake zilianza kugeuka rangi. Akachovya nguzo za simu katika lami ya kunuka ili mchwa wasizile. Akapuliza kahawa, akapuliza kuta za hospitali, akapuliza maghala ya mahindi. Na alipofika Malawi, wakati wengine tunalia kwamba hatujui pa kuanzia, yeye aliuliza tu tumbako inahifadhiwa wapi.

"Kule banafunika marobota na sheeting mukubwa ya plastiki, kama kitanda ya jitu," alikuwa akisema. "Tunatia vidonge, tunafunga, tunatoka mbio. Tukirudi, kila kitu kimekufa. Kimya! Usikie kimya ile, utalia. Muntu anavuta sigara kule Bulaya, anazani anavuta majani. Anavuta kazi yangu."

Alisema hivyo kwa fahari. Wengine walicheka, wanaume wakamwomba asimulie tena. Mimi nilifikiria kimya kile, watu wakitoka mbio kwenye jengo huku wamejifunika pua kwa mashati yao, maana barakoa zilikuwa chache na zilikuwa za wenyewe. Hakuna hata siku moja aliyoniambia kwamba kazi ile ilimchukiza. Ningemsamehe mengi kama angeniambia.

Nisije nikasema uongo kwa kumchukia: hakuwa mchoyo. Kunguni walipotushambulia, na vile vyumba vya matofali mabichi vilikuwa na nyufa za kuwalea taifa zima, alipita mlango kwa mlango. Aliwapulizia wajane bure. Mwenye chochote alimpa kikombe cha mafuta ya posho, asiye na kitu alimpa aksanti, na yeye aliyapokea yote mawili kwa uso ule ule. Wimbo wa pambio ukiimbwa kwa taratibu alilia machozi ya kweli, na kuyapangusa kwa kitambaa alichofutia mdomo wa pompe, kisha macho yakawa mekundu mpaka Jumanne. Warundi na Wanyarwanda wa mtaa wa pili, ambao wakati ule hatukuwa tukisalimiana nao vizuri, aliwapulizia vile vile. Alisema kunguni haulizi kabila.

Lakini mtu huyo huyo aliwapanga watoto mstari karibu na bomba la maji, mama zao wakiwashika mabega, akawamiminia vichwani dawa ya pamba ili chawa wafe. Watoto walipiga kelele, wakifikicha macho, kamasi zikiwatoka. Mama zao walisema, "Aksanti, Mzee." Chawa walikufa, ni kweli. Walianguka kwenye vitambaa vyeupe vilivyotandazwa chini, na akina mama wakainama kuwatazama na kufurahi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Sasa nifike nyumbani kwake, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kumjua.

Mama yangu alinituma nimwite aje kutupulizia chumba. Nilipiga hodi, akanikaribisha, nikaingia nikiziba pumzi, nikitegemea kwamba nyumba ya mtu yule itakuwa imepakwa dawa hadi kwenye vyungu. Haikuwa hivyo. Pompe ilikuwa inalala nje, ndani ya kibanda chake, mbali na dirisha. Kwenye pembe ya ukuta buibui alikuwa ametanda utando mpana kama kitambaa cha meza, na mzee alikuwa amesogeza kiti ili asiuguse. Sisimizi walipita sakafuni mstari wao. Uani alikuwa na sombe, kisamvu cha kwetu, na mchicha vilivyotobolewa na viwavi hadi ukiinua jani unaona upande wa pili. Naye alikuwa amekaa na sinia la maharagwe mapajani, anachambua.

Yalikuwa maharagwe mabovu kuliko yote niliyowahi kuona. Kila punje ilikuwa na tundu. Fukusi walitembea juu ya vidole vyake, na yeye aliwatoa polepole, mmoja mmoja, akiwaweka chini bila kuwaua. Wengine waliokuwa wamejificha ndani hakuhangaika nao. Aliyamimina maharagwe kwenye sufuria, fukusi wakaelea juu ya maji wakipiga miguu.

"Mzee," nikasema, "unakula ile?"

"Mi nakulaka kitu yenye mududu alikula mbele yangu," akasema. "Mududu akikataa, mi pia nakataa."

"Na sisi? Maharagi yetu yote umetia dawa."

Alifunika sufuria. Akanitazama kwa upole kabisa, kama vile nimeuliza bei ya chumvi.

"Mulitaka bila bududu," akasema. "Njo nikabapatia bila bududu."

Nilitoka bila kumwambia kilichonileta. Kutoka siku hiyo nilimchunguza kila nilipomwona anakula, na sikumkuta hata mara moja akitia mdomoni kitu kilichopitia kwenye pompe yake. Kwenye harusi alichukua ndizi akaimenya mwenyewe. Kwenye matanga alishukuru, akasema tumbo lake halimpi ruhusa.

Mama yangu, Mama Neema kwa watu wa soko, alikuwa na meza ya samaki katika soko la Dzaleka. Samaki wenyewe walikuwa usipa, wale wadogo wa ziwa la huku, waliofanana na ndakala, dagaa wa kwetu, kiasi cha kumfanya mtu wa Fizi anunue hata kama hakukusudia. Mama aliwachukua kwa wachuuzi wa Kimalawi waliokuja nao kutoka ziwani, akawaanika tena juu ya mkeka, akawatandaza mezani. Posho ilitupa mahindi na maharagwe. Meza ile ndiyo iliyotupa sabuni, na kalamu za wadogo zangu, na ule uso wa mama wa mtu ambaye bado anafanya kazi yake. Baba alibaki Fizi, hatukujua kama yu hai. Meza ikianguka, tulikuwa hatuna kingine.

Sisi watu wa ziwa tunanunua samaki kwa kutazama inzi. Hatufundishwi, tunakua tukiwaona mama zetu wakifanya hivyo: unasimama kidogo kabla ya kushika, unaangalia wanatua wapi. Samaki ambaye inzi anamzunguka tu bila kutua ana kasoro. Mama alikuwa na usinga wa kuwafukuza, lakini aliupunga kivivu, maana inzi wawili watatu mezani walikuwa ndio ushuhuda wake.

Kisha wakaja vijana wa afya. Kulikuwa na kuhara kambini, watoto wanazikwa, na kazi waliyokuja kuifanya ilikuwa njema. Walipita na kipaza sauti na kitambaa kikubwa kilichochorwa inzi mnene kama kuku, amesimama kwanza chooni halafu juu ya sahani ya bugali. Inzi ni adui, walisema. Usile alipotua. Watu walisikiliza kwa sababu walikuwa wamezika. Ndani ya masika moja tu wateja waligeuka. Walikuwa wanasimama kidogo kama zamani, wanaangalia wanatua wapi, kisha wanakwenda kwenye meza ambayo hawatui.

Meza hiyo ilikuwa ya Mama Riziki, jirani yetu wa kushoto. Usipa wake waling'aa. Mvua ilinyesha juma zima, wa kwetu wakaingiwa na funza, tukawa tunakaa na mama tukiwachokoa kwa vijiti huku tumegeuza nyuso. Wa Mama Riziki walikaa vile vile, wakavu na wanyoofu, hakuna kiumbe kilichowasogelea. Asubuhi, nyuma ya soko, Mzee wa Pompe alikuwa ametembea juu ya mikeka yake akiwapulizia, hatua kwa hatua, kama alivyotembea kwenye pamba. Nilimwona kwa macho yangu. Baadaye wenye meza wengine nao wakamwita.

Na alasiri, akishanawa, alikuja kununua kwetu.

Alisimama mbele ya meza ya mama, ameinamisha kichwa upande, akisubiri inzi atue. Akitua, alinyoosha kidole: "Ile. Na ile ya karibu." Mama alimfungia kwa furaha, akamwongeza na wa juu, akasema angalau kuna mzee mmoja anayejua samaki. Alimshukuru! Mimi nilikuwa kwenye cherehani, pembeni tu, nikiona mkono ule wenye kucha za kahawia ukipokea fungu safi la mama yangu, baada ya kushinda asubuhi nzima ukimharibia soko.

Nilimwambia mama yote. Hakuwa mtu wa kupigana, alikuwa mtu wa kuomba vizuri. Siku iliyofuata, soko likiwa limejaa, Mzee alipokuja na kuinamisha kichwa chake, mama hakufunga samaki. Alisimama.

"Mzee, leo mi nakuomba kitu moja," akasema kwa sauti ya kusikika. "Sema mbele ya bantu sababu gani unanunuaka kwangu. Sema tu. Sina neno na wewe, sina neno na Mama Riziki. Meza hii njo inalisha batoto yangu, na inakufa. Neno moja yako inaweza kuiponya."

Watu waliacha kununua. Mama Riziki alishika kiuno, akamtazama Mzee. Nyuma yake wenye meza wengine nao walimtazama, wote waliokuwa wakimwita asubuhi. Yeye alitutazama sisi, akawatazama wao. Aliramba midomo. Nilimwona anafikiri, na kwa muda mfupi nikaamini atasema.

"Napendaka tu samaki ya Mama Neema," akasema. "Ni ladha."

"Ladha ya inzi!" mtu akapiga kelele, na soko lote likacheka. Na yeye akacheka pamoja nao, yule mzee, meno yake machache nje. Akachukua fungu lake.

Nilimfuata hadi nyuma ya vibanda. Nilikuwa nalia kwa hasira na sikujali nani ananiona.

"Kwa nini, Mzee? Unajua. We peke yako njo unajua."

"Nikisema, nani ataniita tena na pompe?" akaniuliza. Hakuwa ananidhihaki, aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. "Mi sijue kazi ingine, binti. Balinifundisha ile moja."

"Na batoto banakula."

"Banakula kidogo kidogo," akasema, akaondoka.

Mama alifunga meza kabla masika hayajaisha. Mbao zake tulizipikia. Akaingia kwenye ganyu, kibarua cha kulima mashamba ya wanakijiji wa jirani, na katika nchi ile shamba lenye kibarua ni shamba la tumbako. Alipalilia, akakata vikonyo, na majani yalipoingiwa na wadudu alipewa ndoo na kifagio cha kunyunyizia, bila glavu, bila kitu. Ngozi ya viganja vyake ilianza kubanduka. Harufu ya mafuta ya taa ilitangulia. Kisha, jioni moja tukila, aliponyoosha mkono kunipa nsima, ugali wa huku, nikasikia ule utamu wa chini kabisa, ule wa tunda lililooza ndani ya plastiki. Mama yangu alikuwa ananuka kama yule mzee. Nilimeza tonge langu nikasema nimeshiba.

Mzee mwenyewe alitoweka kambini, akahamia Lilongwe moja kwa moja karibu na madepo. Mimi nami nilipata nafasi ya kushona Area 25, mtaa wa huko huko Lilongwe, kwa mama mmoja wa Kimalawi, nikawa narudi Dzaleka mwisho wa juma.

Nilimkuta sokoni huko Area 25, wakati redio zote zilikuwa zinaongea habari za mapatano, kwamba vita imekwisha, na sisi tulikuwa tunasikiliza kwa sikio moja. Kwanza sikumtambua. Hakuwa na pompe. Bila pompe mgongo wake ulibaki umeinama ukiwa mtupu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya usipa kwa mikono miwili, na mikono ilitetemeka hata samaki wakatikisika. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, akisubiri.

"Mzee," nikasema.

"Nani ule?" Aligeuka upande usio wangu. "Neema? Mutoto ya Mama Neema? Ah, Mungu amekuleta. Balinifukuza kule depo, macho haiko tena. Hata pua ilikufaka zamani. Nisaidie, binti. Inzi bako?"

Nilitazama. Usipa waling'aa mezani wote kwa pamoja, wanyoofu, wazuri. Muuzaji alitabasamu, akamwambia kwa Kichewa kwamba ni wazuri sana, wa leo leo. Mzee alikuwa ameshafungua mfuko wake. Alinisubiri mimi tu. Neno moja langu lingetosha kumpeleka nyumbani na fungu lile, ale, alale. Sitaficha: lilinijia mdomoni, na lilikuwa tamu.

"Hakuna, Mzee," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akafunga mfuko. Akashika mkono wa gauni langu, tukaenda meza ya pili, na ya baada ya hiyo, tukalizunguka soko zima. Kila mahali aliuliza swali lile lile, nami nikajibu vile vile. Wauzaji walianza kutukasirikia. Mwishowe akasimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku.

"Basi nipeleke kwa mama yako," akasema. "Anauzishaka wapi sasa?"

"Hauzishi tena. Alifunga masika ile ile. Analima tumbako ya bantu."

Nilitaka aseme pole. Nilisimama pale namsubiri aseme pole, na kama angeisema ningeitema chini mbele yake. Hakuisema. Aliuliza jambo ambalo mtu mwingine asingejua kuliuliza.

"Mikono yake inanuka?"

"Inanuka," nikasema. "Kama yako."

Aliachia mkono wa gauni langu. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu, akakaa hivyo. Nilipoaga ilibidi nimnyooshee mkono mimi, na hata hivyo alichelewa kuupokea. Kisha nikaenda bombani nikanawa kwa sabuni, nikasugua hadi kati ya vidole, kama siku zote.

Nilifika Dzaleka jua likielekea kuzama. Mama alikuwa ndio ametoka shambani, amekaa mlangoni na ndoo yake, akanyoosha mkono ili nimwinue. Nikaushika. Harufu ilinifika puani yote, tabaka zote, mpaka ile ya chini kabisa. Nikakaa kando yake, nikaendelea kuushika.